Mkono wa Kushoto wa Régine

Régine alizaliwa Bogoro, nyumba ya tatu baada ya kanisa, kwenye barabara inayopanda kutoka ziwani. Alikuwa na miaka kumi na miwili vita vilipowatoa huko. Baba yao alibaki. Mama yao, Mama Claire, alitembea mbele na sufuria kichwani, Régine akafuata na mdogo wake Josaphat mgongoni, na mpaka wanaingia Bunia hakukubali mtu mwingine ambebe. Mama Claire husema kwamba tangu siku ile Régine hakumshusha tena, hata Josaphat alipoota ndevu.

Shuleni hakurudi. Alijifunza kutengeneza sabuni kwa jirani mmoja wa mtaa wao mpya, Rwambuzi, na jirani alipohama akamwachia beseni kubwa, kasia la kukorogea na wateja wake. Mafuta ya mawese, maji, na kostiki, magadi makali yanayounguza ngozi. Kukoroga mpaka mkono uwe mzito, kumwaga kwenye fremu za mbao, kukata miche, kuianika kivulini wiki tatu. Sabuni hiyo ndiyo iliyomlea Falone, binti yake, baba wa mtoto alipokwenda kwenye machimbo ya dhahabu akaacha kupiga simu. Na ndiyo iliyompeleka Josaphat sekondari, kisha Kampala kusomea kemia.

Wanawake wengine hujua sabuni imeiva kwa kuigusisha ulimi. Régine alikuwa na njia yake. Alilowesha kipande, akakisugua ndani ya mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, halafu akasali fumbo moja la rozari: Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe. Kama ngozi iliwaka kabla ya kumaliza, miche ilirudi kivulini wiki nyingine. Kama haikuwaka alinawa, na kesho yake asubuhi aliutazama tena mkono juani kabla ya kuuza hata mche mmoja. Miaka kumi na nane alifanya hivyo. Mkono ule ulikuwa na mabaka meupe na mekundu toka kiwiko hadi kifundo, na kanisani alivaa mikono mirefu hata wakati wa jua kali.

Josaphat aliuchukia mkono ule tangu utoto wake, maana alijua yeye mwenyewe ndiye aliyekuwa akiula.

Alipomaliza masomo alipata kazi Kampala, kwenye maabara inayopima kemikali za watu wa viwanda. Wanaotengeneza dawa za kusafishia, rangi, mbolea, wanataka kujua kama kitu chao kinaunguza ngozi ya binadamu kabla hakijapakiwa kwenye lori. Zamani walimpaka sungura. Sasa kila Jumanne sanduku lilifika kwa ndege, na ndani mlikuwa na viduara vidogo vya ngozi, kila kimoja si kikubwa kuliko kifungo cha shati, vikiwa hai. Kazi ya Josaphat ilikuwa kudondosha kemikali juu yake, kusubiri dakika tatu kwa vingine na saa moja kwa vingine, kuosha, kisha kuviweka katika rangi ya manjano. Ngozi iliyo hai huigeuza ile rangi kuwa zambarau. Iliyokufa huiacha manjano vilevile.

Siku ya kwanza aliposubiri zile dakika tatu, midomo yake ilianza kusali yenyewe. Salamu Maria ya kumi ilipoisha, saa ikalia.

Siku hiyohiyo alimpigia Régine, dada mkubwa aliyezoea kumwita yaya.

“Ngozi ya mutu?” Régine aliuliza. “Mutu gani?”

“Batu wanaopasuliwa hospitali kule Ulaya, yaya. Wanaacha kipande, wanatia sahihi. Halafu banaotesha.”

“Banaotesha kama mboga ya lengalenga?”

“Kama lengalenga.”

“Na iko na jina ya ubatizo, hiyo lengalenga yenu?”

Josaphat alicheka mpaka mwenzake wa meza ya pili akageuka.

“Weye cheka,” Régine alisema. “Lakini kama ni ngozi ya mutu, usiitupe bila kuiombea. Unasikia? Mutu alikupatia mwili wake na hakujui.”

Tangu hapo, kila alipotia viduara vilivyokwisha kwenye mfuko mwekundu wa kuchomwa, Josaphat alifanya ishara ya msalaba harakaharaka, kama mtu anayejikuna paji la uso.

Mwaka uliofuata upele uliingia kwenye kambi za wakimbizi kandokando ya mji. Wanawake walikuja kwa Régine na watoto wanaojikuna usiku na mchana, wakimwomba sabuni ya dawa. Blanchard, mwenye depo sokoni, alikuwa ameleta kutoka bandari ya Mahagi-Port bidoni, yaani madumu, za maji meusi yenye harufu ya hospitali. Hazikuwa na karatasi wala maandishi. Waliomuuzia walimwambia inaua kila kidudu. Régine alinunua bidoni mbili, akaziweka nyuma ya nyumba, akampigia mdogo wake.

“Nitaipima kwa mukono kama kawaida,” alisema.

“Hapana, yaya.” Josaphat alisimama. “Hiyo si kostiki. Hujui ni nini. Nitumie kidogo, nitaipima mimi. Ngozi iko hapa, inangojea. Na ukisikia jibu yangu, uachane na huo mukono. Uniapie.”

“Kuapa ni zambi.”

“Basi unipe neno.”

“Nakupatia neno,” alisema. “Mukono yenyewe ilishachoka.”

Sampuli ilifika baada ya siku tisa, mkononi mwa jirani anayevuka ziwa kwa biashara ya samaki. Ilikuwa chupa ndogo ya kioo, imefungwa kwa nailoni na uzi mwekundu. Ndani mlikuwa na kitu cheupe kama maziwa yaliyochujwa, na Josaphat, aliyejua kwamba dawa kama hizi zikitiwa maji huwa nyeupe, alijiambia: wafanyabiashara hawa, wametia maji tena. Akamwomba mkuu wa maabara viduara vilivyobaki wiki ile, akapewa.

Kila mteja wa maabara hujaza fomu. Swali la kwanza ni jina la mtumaji. Swali la nne linauliza: sampuli imechukuliwaje, na chombo kilikuwa safi na kikavu? Josaphat alikuwa amewapigia simu watu wa viwanda vikubwa, mabwana wenye tai, akawaambia hagusi chupa yao mpaka wajibu la nne. Kwa Régine hakujaza fomu. Ni dada yake. Amuulize yeye kama chombo ni safi?

Alipima. Baada ya dakika tatu, zambarau. Baada ya saa moja, zambarau. Aliviweka viduara vya Régine kando ya vile vilivyodondoshewa maji tu, ambavyo hupimwa kila mara ili kulinganisha, na rangi ilikuwa karibu ileile.

“Haiunguzi,” alimwambia kwenye simu. “Nimepima mara mbili. Haiunguzi ngozi, yaya.”

“Mungu asifiwe,” Régine alisema. Halafu akapaza sauti ili binti yake asikie habari ya noko, yaani mjomba wake, simu ikiwa bado sikioni: “Falone! Noko wako amesema haiunguzi!” Josaphat akamsikia anapiga vigelegele peke yake uani.

Jumatano ya wiki iliyofuata alikoroga sabuni ya dawa kwa mara ya kwanza. Alipoinamisha bidoni juu ya beseni, kifuniko kilitoka, na maji meusi yakammwagikia kwenye kitenge, toka paja hadi goti. Falone alikuwa karibu.

“Mama, ubadilishe kitenge.”

“Nimalize kwanza, itaganda. Hausikii noko wako alisema nini?”

“Haikuumi?”

“Hapana. Iko baridi tu.”

Alikoroga mpaka mwisho. Alimwaga kwenye fremu, akasawazisha juu kwa kipande cha ubao, akaosha kasia. Ndipo akaingia kubadilisha kitenge, na Falone akaona mguu: ngozi nyeupe kama majivu, na mama yake akiubonyeza kwa kidole na kusema hausikii kitu. Mchana akaanza kutapika. Jioni mkojo ulikuwa mweusi. Walimpeleka kwenye kituo cha afya, kutoka hapo hospitali, na madaktari walifanya walichoweza. Alhamisi kabla ya saa sita za mchana Régine alikata roho, mkono wake wa kushoto umelala juu ya shuka. Kwa mara ya kwanza tangu ujana wake haukuwa na jeraha bichi. Mabaka yote yalikuwa yamepona.

Josaphat alivuka ziwa, akapanda gari la Bunia linalopitia Bogoro. Walipopita kanisa alihesabu nyumba mpaka ya tatu, ambapo sasa kuna shamba la mahindi. Alifika Rwambuzi siku moja baada ya mazishi. Mama Claire alikuwa ameketi kwenye mkeka, miguu imenyooshwa. Alimshika mwanawe kichwa akakiweka mapajani mwake kama mtoto mchanga.

“Alikuita,” alisema. “Hata pale ulimi ulipokuwa muzito. Alisema: Josaphat asiambiwe kwa simu akiwa kazini, atavunja vitu.”

Siku ya nne ya matanga Mama Claire alitaka chumba cha marehemu kinyunyiziwe maji ya baraka kabla nguo zake hazijaguswa. Alimtuma Josaphat kwenye meza ya sala. Mshumaa ulikuwepo, rozari ilikuwepo, picha ya Mama Maria ilikuwepo. Chupa haikuwepo.

“Falone, chupa ya maji ya baraka iko wapi?”

Falone alimtazama kama mtu aliyeulizwa jina lake mwenyewe. “Si iko kwako, noko.”

“Kwangu?”

“Mama alikutumia nayo ile dawa. Hatukuwa na chupa ingine ya kioo, na ya plastiki alisema itayeyuka.”

Josaphat alikaa juu ya kitanda cha dada yake. “Alitoa maji kwanza?”

“Atoe, atie wapi? Maji ya baraka banamwagaka chini?” Falone aliinua mkono, akapima hewani kwa vidole, robo tatu ya chupa. “Yalikuwa mpaka hapa, ya Pasaka. Mimi nilishika chupa, yeye akatia dawa juu polepole. Ikakuwa nyeupe. Alisema ni vizuri, baraka itafika mpaka kwenye mashine yako.”

Nje wanawake walikuwa wanaimba. Josaphat aliuona tena ule weupe ndani ya kioo, uzi mwekundu, na yeye mwenyewe akitikisa kichwa na kuwalaumu wafanyabiashara. Neno moja lingetosha. Yaya, ulitia kwenye chupa gani? Angemjibu huku anacheka.

Falone alikuwa bado amesimama mlangoni, na uso wake ulikuwa umebadilika.

“Noko,” alisema, “ni ile maji ilimuua mama?”

Josaphat alitazama sakafu. Msichana akageuka, akaondoka, na siku ile hakula.

Kesho yake Josaphat alikwenda sokoni. Blanchard alikuwa mlangoni pa depo yake, na nyuma yake bidoni sita zilikuwa zimepangwa.

“Pole sana, ndugu yangu,” Blanchard alisema. “Régine alikuwa mutu ya Mungu.”

“Usiuze hizo tena.”

“Zipi? Hizi?” Blanchard alishangaa kweli. “Lakini si weye ulisema haiunguzi? Régine aliambia bamama yote ya sabuni: mudogo wangu amepima Kampala, kwa ngozi ya mutu. Batatu walishachukua. Siye tuliuza kwa neno yako, Josaphat.”

Hakuwa anamdhihaki. Alikuwa anasema tu jinsi mambo yalivyokuwa.

Mchana ule, wanawake wa sabuni walipokuja kulia na familia, Josaphat alisimama katikati ya ua. Hakuwahi kusema mbele ya watu.

“Bamama,” alisema, “ile nilipima ilikuwa na maji ndani. Maji mengi. Ni kazi yangu kuuliza mbele ya kupima, na sikuuliza. Ninawaomba mungoje. Nitabeba ingine toka ndani ya bidoni yenyewe, nitapima upya. Mukipenda muniite muongo, muniite. Lakini musifungue.”

Mmoja wao, Denise, mwanamke mnene mwenye sauti kali aliyegombana na Régine miaka mingi juu ya wateja, alisimama akaifunga vizuri kanga ya kiunoni. “Yangu iko bado na kifuniko,” alisema. “Juu ya nini nifungue? Régine akikuwa hapa ningemwambia apime kwa mukono yake, basi. Ile mukono haikutudanganya hata siku moja.” Halafu akasikia alichokisema, akajifunika uso.

Josaphat alimtafuta Falone kwa macho. Alikuwa nyuma, kando ya fremu za sabuni ambayo hakuna aliyethubutu kuigusa. Maneno juu ya baraka hayakutajwa, wala chupa. Lakini msichana aliinamisha kichwa kana kwamba yametajwa.

Josaphat alichukua sampuli toka ndani ya bidoni kwa glovu, kwenye chupa mpya ya kioo, kavu, akaifunga mara mbili, akarudi nayo Kampala. Mkuu wa maabara alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza, akampa viduara vya Jumanne ile kutoka katika sanduku zima.

Alivaa koti, akavaa glovu, akavipanga. Vinne vya dawa, vinne vya maji, vinne vya kemikali kali inayojulikana. Alidondosha maji meusi. Mara moja uso wa kiduara cha kwanza ukawa mweupe kama majivu, na akaujua ule weupe, ingawa hakuuona mguu wa dada yake. Alianza Baba Yetu. Kuanzia Salamu Maria ya sita alisali moyoni. Saa ikalia. Akaosha, akatia rangi, akangoja muda wake wote kama inavyotakiwa, maana hakutaka tena kuruka hata hatua moja.

Vya maji vilikuwa zambarau nzito. Vya dawa vilikuwa manjano, manjano safi, kama rangi ilivyotiwa. Hata mashine ya kusoma rangi haikuhitajika, lakini alivisoma, akaandika namba, akarudia.

Alipopiga simu Bunia ilikuwa saa tisa. Mama Claire alikuwa amewaita wanawake wa sabuni uani, na Blanchard naye alikuja. Falone aliishika simu katikati yao, sauti imefunguliwa.

“Inaua,” Josaphat alisema. “Dakika tatu tu. Blanchard, hizo bidoni zisimwagwe mutoni, zisimwagwe popote. Uzifunge, uzipeleke kwa watu wa Mazingira na karatasi nitakayotuma. Denise, na yako.”

Kisha Mama Claire akasogea karibu na simu.

“Josaphat, mwanangu. Uliniambiaka munapima na maji pembeni. Maji peke yake.”

“Ndiyo, mama.”

“Ile ngozi ya maji, imekuwa aje?”

“Iko hai, mama. Yote ine iko hai.”

Mama Claire alimgeukia mjukuu wake. Alimshika kidevu mbele ya watu wote, akakiinua.

“Umesikia kwa masikio yako,” alisema. “Maji haikuua mutu.”

Ndipo Falone, ambaye hakuwa amelia tangu siku ya mazishi, alilia. Simu ilianguka mchangani, na Kampala Josaphat alisikia kilio chake kikienda mbali na kurudi, na sauti ya mama yake ikisema, lia, lia, mutoto ya Régine, lia. Alisikiliza mpaka mtu alipoiokota simu na kuikata.

Alivikusanya viduara vyote kumi na viwili. Safari hii hakujikuna paji la uso. Aliweka mfuko mwekundu mezani, akavua glovu, akafanya ishara ya msalaba yote, taratibu, mwenzake wa meza ya pili akiwa anamtazama.

Halafu akatoa fomu tupu kutoka kwenye droo, akaandika juu tarehe ya ile sampuli ya kwanza. Jina la mtumaji: Régine, mtengeneza sabuni, Rwambuzi, Bunia. Alijaza la pili na la tatu. Kwenye la nne kalamu ilikaa sana. Chombo kilikuwa safi na kikavu?

Aliandika: Kilikuwa safi. Hakikuwa kikavu. Ndani mlikuwa na maji ya baraka ya Pasaka, robo tatu. Mpokeaji hakuuliza.

Akatia sahihi mahali pa mpokeaji.